Walichokitafuta Kwenye Damu Yetu

Mama yangu aliamini kwamba dawa zilikuwa zinaniozesha ubongo. Hakulisema hilo kwa hasira. Alilisema huku akichambua maharagwe, kwa sauti ya mtu anayesema jioni mvua itanyesha. "Hizi vidonge za bamama zinakula kichwa yako. Utaona." Baba mdogo, ambaye ni katekista, alikuwa amemweleza kwamba mwanaume akimeza vitu vya kike akili yake inalainika kidogo kidogo, na mwisho wake ni wazimu. Walikuwa wamekwisha kunipeleka kwenye maombi, kanisani kwetu na hata kwa watu wa vyumba vya maombi ambao mama hakuwaamini. Maombi yaliposhindwa walibaki na hofu hiyo ya ubongo, na nadhani iliwapa faraja. Kama ni ugonjwa, basi si mimi.

Nilizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, katika familia ya Wakatoliki wanaolima Musienene na kuuza mjini. Kwetu Wanande, jina analopewa mtoto linataja amezaliwa wa ngapi, na linataja pia kama ni wa kiume au wa kike. Kwa hiyo kabla sijafungua mdomo, jina langu lilikuwa limekwisha kusema kila kitu. Kiswahili kina huruma kidogo: kinasema "yeye" na kuendelea na safari. Kinande vilevile. Kifaransa ndicho kilichonitesa shuleni, maana kila sentensi ilinilazimisha kuchagua upande, na mwalimu alikuwa tayari na kalamu nyekundu nilipochagua ule niliouona kuwa wangu.

Nikawa mfumaji. Butembo ni mji wa baridi, na mtoto asiye na triko, yaani sweta, asubuhi anakohoa mwaka mzima, kwa hiyo mwenye mashine ya kufuma hakosi kazi. Nilifuma triko za shule na kofia za watoto wachanga. Wateja wangu walikuwa wanawake, na wanawake wenye haraka ya sare hawaulizi maswali mengi. Waliniona nikibadilika na wakaendelea kuleta vipimo vya watoto wao. Wachache waliacha kuja.

Vidonge nilianza kwa kubahatisha. Vilikuwa vidonge vya kupanga uzazi, vinauzwa duka lolote la dawa, na muuzaji alidhani ninamnunulia mke. Nilimeza vingi kuliko inavyoandikwa, kwa sababu hakuna mtu wa kuniambia vinatosha vingapi. Kichwa kiliuma hadi nikaacha kuona vizuri nyuzi kwenye mashine. Mguu mmoja ulivimba. Sikwenda hospitali. Ningewaambia nini pale mlangoni, mbele ya mstari wa watu wanaonijua tangu komunyo ya kwanza?

Rafiki yangu wa Beni ndiye aliyenitoa humo. Alikuwa kama mimi, mdogo kwangu kwa umri, mtoto wa familia ya Waislamu wenye malori. Kwao walikuwa wamemfukuza, akapanga chumba pembeni mwa mji na kuuza vitenge. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, nami nilimwita mudogo. Tulijuana kwenye kituo cha afya ambako watu wa namna yetu walipewa mashauri kuhusu ukimwi bila kuchekwa. Siku moja alinipigia simu akasema kule Butembo kwangu kuna daktari mwanamke, mzaliwa wa hapo hapo, aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, na anajua mambo ya homoni. "Hapana kumeza tena zile," akaniambia. "Huyu anatoa dawa yenyewe. Lakini anataka damu."

Neno damu lilimtisha yeye mwenyewe. Baada ya miaka ya Ebola, mtu aliyekuja na sindano mjini kwetu hakupokelewa kwa chai. Watu walisema damu inauzwa, wengine walisema ugonjwa unaletwa na hao hao wanaoutibu. Tulikwenda kwa daktari tukiwa tumekubaliana kwamba mmoja akisema tuondoke, wote tunaondoka.

Daktari alikuwa na chumba kidogo katika zahanati ya mlimani. Alituketisha mbele yake, akafunga mlango, akatuuliza tunataka kuitwaje. Tulimwambia. Akayaandika majina hayo bila kuinua nyusi. Kisha akatueleza. Angetupa estrojeni inayofaa, kwa kipimo, na dawa ya kuzuia homoni ya kiume, na angepima ini, figo na damu yetu mara kwa mara ili tusivimbe miguu tena. Dawa zilitoka kwa mwalimu wake wa ng'ambo, na mwalimu huyo naye alikuwa na swali lake: tiba hii inafanya nini kwenye ubongo?

"Docteur," nikamwuliza, "unaweza ona ubongo mu damu?"

"Ubongo yenyewe, hapana. Kuna vitu vidogo ubongo inaachaka mu damu. Kimoja kinasaidia seli za ubongo kuishi na kushikana. Kingine ni kama kipande cha uzi. Mishipa ya ubongo ikiumia, nyuzi zake zinakatika, na vipande vinatokea mu damu. Tunapima mbele ya dawa, tunapima tena kiisha miezi, tunalinganisha."

"Na mukikuta dawa inaharibu?"

"Nitawaambia."

"Na kama haiharibu?"

"Nitawaambia vilevile."

Rafiki yangu aliuliza damu itapelekwa wapi. Daktari akamwambia: itagandishwa hapa, ipite Beni na mpaka wa Kasindi hadi Kampala, kisha ndege. Rafiki yangu akacheka. "Damu yangu itapanda ndege, mimi nitabaki na motari wa Beni na pikipiki yake." Akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Mimi sikuwa na hamu ya kusaidia elimu ya dunia. Nilikuwa na mama. Nilitaka siku moja daktari huyu, binti wa hapa hapa, amwambie kwa Kinande kwamba ubongo wa mtoto wake ni mzima. Kwa hilo ningempa hata ndoo ya damu.

Miezi iliyofuata mwili wangu ulinitii. Kifua kiliuma kwa namna niliyoipenda. Ngozi ililainika, na machozi yalikuja upesi. Niliwahi kulia dukani kwa sababu mtoto amenishukuru kwa kofia. Kila nilipokwenda kupimwa daktari alinisalimia kwa Kifaransa na kusema "elle", yaani yeye wa kike, alipomweleza muuguzi habari zangu, bila kusitasita, kama anavyosema mtu kuhusu mtu yeyote. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelibeba neno hilo moja kama mkate wa moto.

Lakini hiyo ndiyo miaka ambayo Beni ilikuwa inachinjwa. Wauaji walitoka msituni, wakaingia mashambani, kisha wakaingia kwenye vitongoji. Tulizoea kuulizana asubuhi: jana ilikuwa wapi? Siku za maombolezo miji ilifungwa, maduka yakafunga milango, vijana wakachoma matairi barabarani, na sisi wenye mashine tukakaa bila umeme wala wateja. Nilimwomba rafiki yangu aje akae kwangu. Alisema vitenge vinauzwa Beni, na kwamba akikimbia kila risasi atakimbia maisha yote. Nilijifunza kulala na viatu kando ya godoro na mlango bila kufuli, ili nisihangaike na ufunguo. Butembo haikuwa Beni, lakini barabara ni ile ile.

Yaliyompata rafiki yangu hayakufanywa na wauaji wa msituni. Yalifanywa na majirani.

Nilisimuliwa na kaka yake. Kulikuwa na shambulio pembeni mwa Beni, watu walizikwa, na siku iliyofuata vijana wa kitongoji wakaweka kizuizi chao kwa magogo. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba adui anajifunga kitenge na kujitanda kama mwanamke ili apite. Rafiki yangu alikuwa anatoka sokoni mchana, na mzigo wake kichwani. Wakamwambia atoe kadi ya mchaguzi, ya kupigia kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Kadi ilisema mwanaume. Wakamtazama, wakaitazama kadi, wakamtazama tena. Mmoja akasema, "Njo huyu, ni yeye. Adui."

Alijaribu kujieleza. Alitaja mtaa wake, akataja jina la baba yake, akataja msikiti wa kwao. Wale vijana walimjua. Wawili walikuwa wamenunua kwake vitenge vya dada zao. Haikusaidia kitu. Walimpiga kwa mipini ya majembe, na kichwa ndicho walichokitafuta.

Kaka yake alikuwa anapita na lori la mbao. Ndugu huyo hakuwa amesema naye tangu walipomfukuza nyumbani. Aliona vitenge vimetapakaa barabarani, akasimama, akashuka. Wakamwuliza, "Unamujua huyu? Ni mwanaume ao mwanamuke?"

"Ni mutoto ya mama yangu," akasema.

Akamwinua, akamlaza juu ya mbao, akaondoka naye. Hakwenda hospitali ya Beni kwa kuogopa kwamba watamfuata. Alikuja naye moja kwa moja Butembo, kwa daktari ambaye rafiki yangu alimtaja njiani, na nilipofika huko nilimkuta kaka huyo ameketi kwenye ngazi, shati limekaukiwa na damu. Aliniangalia kwa muda mrefu. "Wewe njo yaya?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akasogea kidogo ili nikae.

Rafiki yangu aliishi. Alikaa kwangu wiki baada ya wiki, akiwa na bandeji kichwani na jicho moja lililochelewa kufunguka. Alikuwa akianza kusema jambo na kulipoteza katikati, kisha anakasirika kana kwamba nimemwibia. Aliweka chumvi kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaweka tena, akaweka tena. Daktari alimtazama kila alipoweza, bila malipo, na akasema majeraha ya kichwa yana subira yao.

Wakati wa kupimwa mara ya pili ukafika. Daktari alisita kuhusu rafiki yangu. Akamwuliza kama bado anataka. Akajibu, "Muchukue. Labda mutakuta ile kitu niliangusha." Tukanyoosha mikono. Barabara ya Kasindi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mavizio, magari yalikwenda kwa msafara pamoja na wanajeshi au hayakwenda kabisa, na vichupa vyetu vilikaa kwenye friji ya zahanati huku jenereta ikilishwa kwa mafuta ya kuokoteza. Vichupa vya wengine aliokuwa akiwatibu kama sisi viliharibika. Vya kwetu vilifika.

Majibu yaliporudi daktari alituita wote wawili. Hakuanza kwa "elle" wala kwa mzaha. Aliniambia kwamba kile kitu kinachosaidia seli kuishi kilikuwa kimeshuka katika damu yangu, na vile vipande vya nyuzi vilikuwa vimepanda, si sana, lakini vimepanda. Kwa rafiki yangu vipande vilikuwa vingi mno.

"Basi ni dawa," nikasema. Nilimwona mama, na baba mdogo nyuma yake.

"Sijuwe."

"Ulisema utatuambia."

"Ninakuambia. Sijuwe. Ya mudogo yako ni kichwa yenye ilipigwa, hiyo inaeleweka. Ya kwako... Ulilala vizuri lini?"

Nilivifikiria viatu vyangu kando ya godoro.

"Ile kitu ya kwanza inashukaka pia mtu akiishi na woga siku nyingi, asipolala, asipokula vizuri. Mbele ya kuja hapa ulimeza vidonge vya kupanga uzazi sijui vingapi. Halafu friji yetu, ulisikia jenereta. Na hata dawa yenyewe inaweza kugusa. Yote inaweza. Wale bengine, kule kwa mwalimu wangu, wako na maisha yenye haibadiliki, kitu kimoja tu kinaingia, ni dawa. Akiona mabadiliko anaweza kuuliza dawa. Kwako niulize nini? Niulize dawa, ao niulize Beni?"

Kisha akatuambia lililobaki. Mwalimu wake alikuwa ameamua kututoa. Rafiki yangu kwa sababu ya jeraha la kichwa, mimi na wengine wa huku kwa sababu ya mazingira. Alilitumia neno hilo, mazingira. Damu yetu ilikuwa na mambo mengi ndani yake, na mambo hayo yangelichafua swali. Na kwa kuwa dawa zilikuja na swali, zingeondoka nalo.

Nilimwuliza kama kule kwa mwalimu wake kuna mtu anayejiuliza vita inafanya nini kwenye ubongo wa mtu kama sisi.

"Hapana kwa sasa," akasema.

"Basi sisi ni uchafu."

"Sikusema vile."

"Wewe hukusema."

Aliinamisha kichwa. Nilijua alikuwa ametupigania, niliijua hata gharama yake, kwa maana zahanati ilikuwa imeanza kumnung'unikia kwa kuleta watu wa aina yetu mlangoni pao. Kumjua kuwa mwema kuliniongezea uchungu, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumchukia mbele yangu. Mwenye uamuzi alikuwa mbali, katika nyumba ambayo sitaiona, na pengine ni mtu wa heshima anayeenda kazini kwa baiskeli. Rafiki yangu akauliza kama tunaweza kwenda sasa, maana ana njaa.

Nilikwenda kwa mama Jumamosi hiyo hiyo. Ningeweza kukaa kimya, lakini alijua habari za kupimwa, na alikuwa ananisubiri. Alikuwa uani, na ungo wa maharagwe mapajani. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: kitu kimoja kimeshuka, kingine kimepanda, na daktari hawezi kusema ni dawa au ni vita.

"Vita inaingiaka mu damu?" akauliza.

"Woga. Kukosa usingizi. Anasema inaweza."

Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. Wakati wa vita vya kwanza, nilipokuwa mdogo mgongoni mwake, alikimbia kutoka Vuhovi akiacha nyumba inawaka na dada yake ndani. Hazungumzii hilo. Tunalijua kwa sababu hawezi kukaa chumba chenye moshi, na kwa sababu kila siku anaweka kitu mahali na kukitafuta hadi alie: funguo, kisu, rozari iliyo shingoni mwake.

"Mimi sikumeza hizo vidonge," akasema baadaye. "Na kichwa yangu iko vile unaiona."

Nikadhani mlango umefunguka. Nikasogeza kiti. Nikamwuliza kama basi anaona kwamba pengine si dawa, kwamba pengine mimi si mgonjwa.

"Ninaona sisi wote tuko bagonjwa," akasema. "Lakini wewe uliongeza yako juu."

Kisha akaniambia, kwa sauti ile ile, kwamba Jumapili ijayo mtoto wa kaka yangu anabatizwa, na baba mdogo anaomba nisije nimefunga kilemba cha kike. Nikamsaidia kumaliza ungo, kisha nikaondoka. Kwenye ubatizo sikwenda. Kofia ya mtoto niliifuma mimi, nikamtuma jirani aipeleke.

Daktari alitugawia dawa zilizobaki, akatuonyesha namna ya kupunguza taratibu ili mwili usishtuke. Muda mfupi baadaye aliondoka, wengine walisema Goma, wengine Kampala. Sikumlaumu. Mimi nilirudi kwa muuzaji wangu wa zamani, mwenye vidonge vya kupanga uzazi. Aliuliza mke wangu hajambo. Nikasema hajambo. Sasa nilijua kipimo cha kutoniua, na hicho ndicho nilichovuna.

Rafiki yangu hakuwa na nguvu ya kuendelea. Kaka yake alimchukua akampeleka Mutwanga, kwa shangazi yao mwenye shamba la kakao chini ya milima. Kule hakuna duka lenye dawa hizo, na hata lingekuwepo angesahau kuzimeza. Niliogopa barabara, nikaahirisha na kuahirisha kwenda kumwona. Mwishowe kaka yake aliniambia kuna pikapu inayokwenda na kurudi siku moja, dereva ni mtu wao. Nikapanda.

Nilimkuta ameketi kwenye baraza, amevaa suruali na shati la kaka yake. Mwili wake ulikuwa umerudi nyuma peke yake. Mabega yalikuwa yamepanuka, sauti haikuwa na mtu wa kuichunga, na ndevu zilikuwa zimefunika mashavu. Shangazi alimwita kwa jina la kuzaliwa, naye akaitika. Alinitambua mara moja, na hilo lilinivunja zaidi kuliko kama angenisahau.

"Yaya," akasema. "Nilikuwa na ngozi muzuri, hapana?"

"Muzuri sana."

"Hapa hawana kioo."

Akajishika kidevu, akaniangalia kwa aibu. Sikumwuliza kitu. Niliomba maji ya moto kwa shangazi, nikanunua wembe kwenye kibanda cha jirani, nikamketisha nje penye mwanga. Sabuni ilikuwa ya kufulia. Nilimnyoa polepole, nikavuta ngozi kwa vidole, nikapita kwa uangalifu juu ya kovu linaloshuka kutoka kwenye sikio. Alifumba macho. Mara mbili alianza kunieleza habari ya kitenge cha rangi ya kijani, na mara mbili kikampotea. Nilipomaliza nikampangusa kwa kitambaa changu cha kichwa, kisha nikamfunga nacho, fundo nyuma kama alivyopenda. Alikaa wima. Alikipapasa kwa mikono yote miwili.

Shangazi alitoka ndani na beseni la kakao ya kuanika. Alisimama akamwangalia. Si mwanamke mbaya. Alikuwa amemlisha na kumwosha kwa miezi yote hiyo, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelitaka.

"Kesho zitaota tena," akaniambia.

"Najua, shangazi."

"Na wewe hautakuwa hapa."

Dereva alipiga honi, akasema tuwahi kabla barabara haijafungwa. Nikapanda nyuma, kati ya magunia.